Hodi Kwenye Kabati la Joto

Mtafiti wetu wa uzazi hafungui kabati la joto la maabara bila kupiga hodi. Husugua viganja mpaka vipate moto, hugonga mlango kwa kucha ya kidole kidogo, kisha hunong'ona, "Hodi, wapangaji." Humo ndani mna visahani vya viinitete, mimba changa zinazosubiri tumbo la kuhamia. Tumemcheka hadi tumechoka. Jibu lake ni lile lile: "Kwani nyie mnapenda kuvamiwa mkiwa mmelala?"

Leo asubuhi alikuta kiinitete cha mwisho cha mama mmoja, aliyehangaika nasi miaka, kimeacha kukua. Alimpigia simu mwenyewe, amesimama, miwani mkononi. Alimweleza taratibu. Sauti ya yule mama ilitufikia sote: "Alikuwa peke yake, daktari?"

"Hapana, mama. Nilikuwa naye."

Alikata simu, akanawa, akarudi kukitoa kile kisahani. Nilidhani safari hii atafungua tu. Akasugua viganja mpaka vikapata moto, akagonga, akapiga hodi, akasubiri.