Usiulize Kama Itavuta

Mwanangu, ipo siku moja ambayo huikumbuka kila nikinusa breki iliyoungua. Nilikuwa kijana, nimeoa juzi, na volkano ilikuwa imekula nyumba yetu ya mtaa wa Majengo. Nikaapa kwamba nyumba yangu ya pili itakuwa na miguu ya kukimbilia. Usicheke. Mtu aliyekimbia moto wa mlima na mama yake mgongoni huwaza mengi.

Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao akaniuzia nyumba ya magurudumu, ile inayokokotwa na gari, yenye vitanda, jiko, hata pazia dirishani. Likabaki jipu, gari lenye nguvu la kuivuta. Kule Keshero nilikuta mawili yanauzwa. Moja refu, jeusi, viti vya ngozi, linang'aa. Lingine la zamani, zito, rangi imekwajuka. Hilo la pili sikulitazama mara mbili.

Nikamwita baba yangu mdogo, muzee Salumu, aliyeendesha malori ya Butembo mpaka mvi zikamkuta kwenye usukani. Nilimwita aje anisifu.

"Inavuta, papa," nikamwambia. "Moteri iko na nguvu sana."

"Sikuulize kuvuta," akasema. "Kwa mushuko, hii nyumba itasukuma. Nani ataishika?"

Nikamwona mtu wa zamani tu, nikalichukua jeusi. Siku ya kuhama nikamtandikia mama kitanda ndani ya ile nyumba, asafiri amelala kama malkia, na mke wangu mjamzito akae ubavuni pake. Muzee akaziba mlango.

"Leo hakuna mutu wa kupanda humu. Mama yako abakie, bibi yako mwenye mimba abakie. Twende kwanza kule juu Kanyaruchinya, tushuke, mimi na weye tu."

Aliniaibisha mbele ya majirani, nami nikatii kwa kununa. Tulipokuwa tunapanda, jipu liliimba. Nikamtupia muzee jicho la dharau. Lakini kupanda mchongoma, mwanangu, kushuka ndio ngoma. Tulipogeuza, nyumba ikaanza kutusukuma. Breki zikashika kidogo, halafu mguu ukazama mpaka chini. Nyumba ikayumba huku na huku, ikatupeleka itakako yenyewe.

"Ingiza kwa mawe!" muzee akapiga kelele.

Nikaligongesha jipu kwenye rundo la mawe ya volkano. Nyumba ikalala ubavu.

Tulitoka wazima. Nikachungulia ndani, nikaona kitanda cha mama kimepinduka na jiko limekiangukia. Kilikuwa kitupu! Nikakaa barabarani nikalia huku nacheka, namshukuru Mungu bila mpangilio. Muzee hakunisimanga. Alinipa maji tu.

Baadaye nikalinunua lile jipu la zamani, ambalo lilikuwa zito kuliko nyumba, na fundi akaitengeneza nyumba na kuifungia breki zake yenyewe. Mama alisafiri nayo, akaishi miaka mingi, akafa kwa uzee mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Basi wewe unayetafuta jipu la kukokota mzigo mkubwa, acha kuuliza nguvu peke yake. Uliza uzito wake mbele ya uzito wa mzigo. Uliza breki. Lijaribu mteremkoni bila mtu nyuma. Na mzee akikuuliza swali la kukuudhi, usikimbilie kujibu. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nusura livunjike la mama yangu.

Mola akushike kila unaposhuka, na wote uliowabeba uwafikishe wakiwa hai.