Nywele za Kumuaga Baba

Vita vya Maji Maji vilipoanza kuzimika, kijiji chetu kikiwa majivu, niliokotwa nikapelekwa shule ya misheni, si mbali sana na Songea. Wasichana wote tulinyolewa kipara kila Jumamosi. Chawa, alisema sista. Hata asiye na chawa? Hata yeye. Haya, tukanyolewa.

Kisha Wajerumani wakamnyonga baba pale bomani Songea, wakamfukia shimo moja na wenzake. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuja shuleni kuniambia. Nilipiga goti, nikamwamkia shikamoo, nikasikiliza. Sikulia. Mwili mzima ulikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Kwetu Wangoni, watoto wa marehemu hunyolewa siku ya kumaliza msiba. Mfiwa hajinyoi, hunyolewa na shangazi yake wa damu. Nywele zikianguka, basi umemuaga mtu wako. Baba hakuwa na kaburi la kulilia. Nywele zangu ndizo zilizobaki.

Nikamwendea sista. "Naomba nisinyolewe mpaka msiba uishe."

"Baba yako anahitaji sala, si nywele."

"Nitasali pia, sista."

"Ukiwa hapa, kichwa chako ni cha shule."

Jumamosi ile alininyoa mwenyewe, polepole, asinikate hata kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Siku ya kumaliza msiba nikaruhusiwa kwenda kwa shangazi. Wadogo zangu, waliokuwa wakiishi naye, waliketi chini, akawanyoa mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika akanivua kitambaa, akapapasa kichwa. Mkono ukasimama.

"Ala! Nani kakunyoa wewe?"

"Shule."

"Shule ndiyo shangazi yako?"

Akaufuta wembe kwenye nguo yake. "Mwacha mila ni mtumwa," akasema, halafu sauti ikampungua. "Basi, zikiota uje. Nitakungoja."

Hazikuachwa ziote. Ghala zetu zilikuwa zimechomwa vitani, njaa ikaingia, ikamchukua shangazi. Baba hakuwa na dada mwingine.

Nilipotoka shule kwenda kuolewa, nywele ziliota tele, nyeusi, nzuri. Wifi zangu walizisifu wakizisuka. Sasa ni mvi tupu, na baba bado sijamuaga.