Mfungo Ambao Sikufunga

Mshauri wangu, mwanamke mpole mwenye ofisi Westlands, aliniambia nile kiamsha kinywa kila siku, hata kama jana yake nilikula hadi tumbo likaniuma. Kujinyima, alisema, ndiko kulikonirudisha kwenye sufuria. Nilipomweleza mama yangu, alinitazama kana kwamba nimetapeliwa.

"Wewe shida yako ni chakula, halafu unaenda kwa mtu akwambie ukule?"

"Mama, nikishinda na njaa, jioni najifungia jikoni na siwezi kuacha."

"Basi funga uombe. Hiyo ni roho ya ulafi."

Nilichoka kubishana. Nikawa nakunywa uji na kula mayai mbele yake, naye akiguna kwa kila kijiko. Baada ya miezi kadhaa, siku za kujifungia jikoni zilipungua sana, ingawa hazijaisha. Kwa furaha nikamwambia mama.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kwetu Ngara, akashika maikrofoni na kushuhudia kwamba binti yake amefunguliwa kwa mfungo. Watu wakapiga makofi, wakanigeukia. Mfungo upi? Asubuhi hiyo nilikuwa nimemaliza chapati mbili, na yeye ndiye aliyezipika.