Tanuri Lililopona Lenyewe

Tanuri letu lilipona lenyewe, sifa nikapewa mimi. Balaa likaanzia hapo.

Niko kiwanda cha betri za lithiamu, upande wa kukausha. Uji mweusi unapakwa juu ya utepe wa shaba, utepe unapita ndani ya tanuri refu, unatoka mkavu. Bila huo hakuna betri.

Sasa uji wetu ulikuwa haushiki. Ukiugusa tu, unabanduka kama rangi ya ukuta mbovu.

Na mimi nilikuwa bado kwenye majaribio. Meneja alishanipasha, "Dada, mwezi ukiisha hali ni hii hii, tutaagana."

Jamani! Nilipandisha joto, nikashusha joto, nikalibembeleza tanuri kama mama mkwe. Wapi!

Halafu ikaja ile wiki ya mvua isiyonyamaza. Asubuhi nakwangua utepe kwa kucha, uji umeng'ang'ania. Nakwangua tena. Haubanduki!

"Umefanyaje?" wenzangu wakanizonga.

"Sijafanya kitu!"

"Acha uchoyo wewe. Tupe siri."

Nikaapa. Nani aamini? Wakaanza kuniita Daktari wa Tanuri, na mimi, Mungu wangu, nikaanza kulizoea jina.

Mvua ikakatika. Jua likawaka. Uji ukabanduka.

"Daktari kasusa," wakanong'ona. "Anataka aongezwe mshahara huyo."

Meneja akaja kakunja uso. "Kama unatuchezea, leo jioni ukabidhi kitambulisho."

Nikaingia uchochoro wa nyuma ya tanuri, ambako hakuna anayepita kwa sababu joto la huko si la kitoto. Nikapekua kila bomba.

Kwenye wavu wa feni ya kwanza, ile inayovuta hewa ya kuupulizia uji ukiwa bado mbichi, nikakuta vibanio vya nguo. Safu nzima! Na soksi moja, ndogo kuliko kidole gumba changu.

Nikasimama nikiwaza. Kiwandani kwetu nani ana kichanga?

Nikaenda ofisini kwa meneja, nikamwekea soksi mezani.

Akaitazama. Akanitazama. Akainuka, akafunga mlango.

"Mapacha, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Mvua wiki nzima, nepi hazikauki, shemeji yako kanikalia kooni. Ningefanyaje?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kumbe nepi ziliziba feni, upepo wa mwanzo ukapungua. Siku zote uji ulikuwa unakaushwa kwa pupa: maji yakikimbilia juu yanaibeba na gundi iliyomo ndani ya uji, chini panabaki patupu. Tukaziba nusu ya feni kwa bati. Mchana ule ule uji ukashika, na jioni nikaondoka na kitambulisho changu shingoni.

Kwenye kikao, meneja akatangaza kwamba nimethibitishwa kazini, na kwamba tumepata "mbinu mpya ya ukaushaji".

Mkurugenzi akauliza, "Wazo la nani hili?"

Meneja akakohoa. Akanitupia jicho la kuniomba nimsitiri.

"Tulipata washauri wawili kutoka nje, mzee," nikajibu. "Wataalamu kweli. Ila bado hawajaanza kuongea."

Ndugu zangu, mambo yakikunyookea bila wewe kujua kwa nini, usikimbilie kupokea pongezi. Zunguka kwanza nyuma ya tanuri.