Ngoma Iliyoitikia Mwito

Mimi sikuumbiwa kutulia. Wajukuu wangu wakiwasha runinga kisha wakatoka kwenda kucheza, wakaniacha na watu wale wanaosema ndani ya kioo, nanyanyuka naizima, nakaa, nanyanyuka tena kuchungulia mlangoni. Wananicheka. "Bibi, unamtafuta nani?" Simtafuti mtu. Nataka tu kujua kama huko nje kuna anayeita.

Redio ya kwanza niliyoishi nayo ililetwa na mume wangu kutoka kwenye mkonge, miaka ya hamsini, mimi nikiwa bibi arusi wa mwaka mmoja. Ilikuwa na betri kubwa kama tofali, na waya aliokwenda kuufunga juu ya mwanzi mrefu nyuma ya nyumba yetu ya Michenga. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hakushika jembe, na sisi wenyeji alitupokonya yetu. Jioni wanaume waliokuwa wakitengeneza nyavu waliziacha wakaja kukaa uani kwetu. Wanawake walipika mapema ili wawahi salamu, maana kulikuwa na saa ya watu kusalimiana kutoka miji ambayo hatukuijua. Mume wangu, ambaye zamani nilizungumza naye mpaka ugali ukapoa, sasa aliniinulia kidole: nyamaza kwanza.

Nilikasirika, tena sana. Lakini baada ya miezi michache mimi ndiye niliyekuwa mbaya zaidi. Ikizimwa nilijisikia kama mtu aliyefungiwa nje. Nilipalilia huku nikikisia saa, nikaacha mstari katikati, nikakimbia nyumbani.

Msimu wa kuvuna ulipofika tulihamia bondeni, kama kila mwaka, kwenye kibanda chetu juu ya kichuguu kipana. Nikamwambia mume wangu kwamba bila redio siendi.

"Watu watakuja kuisikiliza, watatukanyagia mpunga," alisema.

"Basi tusiwaambie."

Tukaizungushia kanga mbili, tukaipakia kwenye mtumbwi chini ya mikeka. Hakuna jirani aliyejua kwamba iko shambani, isipokuwa shangazi yangu.

Huyu shangazi ndiye aliyenilea. Alikuwa mjane, mtu wa upande wa Mahenge kama baba yangu, na shamba lake lilifuata letu, chini kidogo, la mwisho upande ule, kwenye udongo mweusi uliotoa mpunga mzuri kuliko wa kila mtu. Alivuna peke yake, suke kwa suke, kwa kisu kidogo kilichokaa ndani ya kiganja. Alitutembelea siku ya pili tu, akaiona redio, akacheka. "Mmemleta na huyu? Haya, mpeni kisu naye avune."

Sasa nieleze jambo la mwito, maana bila hilo hakuna atakayenielewa. Mvua ya kule milimani huteremka bondeni wakati sisi tuna jua kali. Unaweza kuwa umeanika mpunga wako mkekani, mbingu nyeupe, na mto unakujia. Kwa hiyo mwenye shamba la juu kabisa akiona maji yanapanda kwenye kijito, aligeuza mtumbwi, akaupiga mgongoni kwa kafi na kuita: "Maji! Maji!" Wa shamba lililofuata akisikia, alipiga wa kwake na kuitikia, na kuitikia kwake kulisikika kwa aliye chini yake. Hivyo mwito ulishuka, shamba kwa shamba. Aliyeita hakuondoka mpaka asikie ameitikiwa. Na nyumba iliyokata mwito ilinyang'anywa shamba. Hapakuwa na mjadala.

Siku yenyewe mume wangu alikwenda kutazama migono yake, ile mitego ya samaki. Aliniagiza nisiwashe redio, betri ilikuwa imechoka na ameianika juani ipate nguvu kidogo kwa ajili ya taarifa ya jioni. Mimi nilibaki juu ya dungu na kombeo langu, nikifukuza ndege kwenye kipande ambacho hatujakikata. Kazi hiyo itakutia wazimu. Unarusha, wanaruka, wanatua pale pale. Nilikaa, nikasimama, nikahesabu vichuguu, nikakaa. Mchana haukusogea. Mwisho nikashuka, nikairudisha betri, nikawasha. Nilipopanda dunguni niliisikia kwa mbali tu, nikashuka tena nikakizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho.

Ilikuwa ngoma. Ngoma nzito, mtu mmoja anaimba na kundi zima linaitikia. Nikarusha mawe yangu kwa mdundo ule, nikafurahi, nisikufiche, nilifurahi kuliko siku zote za msimu ule. Kuna wakati nilisikia sauti ya mwanamume nyuma ya ngoma, kutoka upande wa juu, ng'ambo ya matete. Niliwahi kusema kwamba nilidhani jirani anafukuza ndege. Si kweli. Sikudhani kitu. Sikutaka kusikia kingine. Sikio la kufa halisikii dawa.

Betri ilikata roho yenyewe. Katika kimya kile nikasikia maji.

Mume wangu alirudi akipiga kafi kama anayefukuzwa na kiboko. Kichuguu chetu kilituokoa, mpunga wetu mwingi ulikuwa juu. Tulipofika kwa Shangazi tulimkuta amesimama ndani ya maji yaliyofika kiunoni, ameshika kichwani mkeka mmoja usio na kitu. Lundo lake la wiki tatu lilikuwa linaondoka, masuke yanaelea yakizunguka polepole kufuata mkondo. Aliyafuata kwa macho mpaka yakaingia kwenye matete. Mume wangu alimvuta akampandisha mtumbwini. Hakulia. Mimi nililia.

Siku ya tatu jumbe alituita sote nyumbani kwake. Jirani yetu wa juu alisimama, mtu mzima mwenye kuheshimika, akaapa. "Niliita mara tatu. Nikasikia ngoma inapigwa kwao na watu wanaitikia. Nikajua wamesikia, nikakimbilia mpunga wangu."

Hakusema uongo. Alisikia ngoma, alisikia kuitikia. Nani katika bonde lile angefikiri kwamba wanaoitikia wako Dar es Salaam?

Jumbe akamgeukia mume wangu. "Mliitikia?"

Mume wangu alikuwa ameshajua. Alikuta kitufe kimezungushwa mpaka mwisho. Alinitazama, nami nilikuwa na mimba ya miezi mitano, mikono yangu haitulii, nasokota ncha ya kanga nakaribia kuichana. Akafungua mdomo.

"Waliitikia," Shangazi akadakia. "Mimi ndiye sikusikia."

Watu wakanong'ona.

"Masikio yangu yamezeeka," alisema. "Nilikuwa naona aibu kuwaambia."

Jumbe alimwonea huruma, hata sauti yake alipomjibu aliipandisha ili amsikie. Akasema mtu asiyesikia hawezi kukaa kwenye mstari wa mwito, leo amepoteza mpunga, kesho atapoteza roho. Kuanzia msimu ujao Shangazi asilime tena bondeni. Akawaomba watu wachange, kila nyumba pishi moja ya mpunga, na watu wakachanga.

Usiku sikulala, asubuhi sikula. Nilikwenda kwake nikarudi njiani, nikaenda tena. Nilimkuta anapepeta huo mpunga wa kuchangiwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: kitufe, ngoma, ile sauti ya mwanamume niliyoiacha ipite. Nikamwambia nakwenda kwa jumbe sasa hivi.

Aliendelea kupepeta. "Ile ngoma niliisikia tangu mwanzo," alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Nikajua ni redio yenu. Nikasema, leo mwanangu amechangamka."

"Kwa nini hukusema?"

"Ili wawanyang'anye, ukazalie wapi? Ule nini?" Akaweka ungo chini. "Nimeshakuwa kiziwi mbele ya watu. Usinifanye na mwongo."

Shamba lake jumbe alitupa sisi, kwa kuwa ndio ndugu wa karibu. Tulililima mwaka uliofuata, na mpunga ulikubali mpaka tukakosa pa kuuweka. Shangazi hakurudi bondeni. Aliishi miaka mingine kumi na moja, na kila nilipokutana naye kanisani au sokoni nilimsalimu kwa kupaza sauti kama walivyofanya wengine, "Shikamoo, Shangazi!", naye alitega sikio, akaniuliza nimesema nini.