Colm Tansey na Mama Mkwe wa Angani

Colm Tansey alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe huko Roscommon, mahali ambapo mawingu hukaa chini kama paa la banda, na ndege zinazopita huwa ziko juu sana, zinakwenda zao Amerika bila hata kutupa jicho. Siku moja akiwa shule alisikia mluzi mkali, kama birika lililosahaulika jikoni. Darasa zima likakimbilia madirishani. Ndege nne ndogo za jeti za jeshi la anga zilipita juu ya kanisa zimeshikamana kama vidole, zikapinda, zikapotelea magharibi, upande wa Mayo. Mwalimu alisema zinaitwa Fouga, zimetengenezwa na Wafaransa, na sasa kila mtu akae chini. Colm alikaa chini, lakini roho yake ilikuwa imeshaondoka na zile ndege.

Alipofikisha miaka kumi na saba akachukuliwa Baldonnel, kambi ya jeshi la anga nje kidogo ya mji mkuu, Dublin, ajifunze ufundi. Alijifunza kwa bidii ya mtu aliyeahidiwa peponi. Kumbe alikuwa kama mgeni aliyefika harusini akakuta sufuria zinaoshwa. Alipohitimu, Fouga zilikuwa zimezeeka, zikastaafishwa, na serikali haikununua jeti nyingine za kivita kuziba pengo. Colm akapelekwa kwenye helikopta kuukuu ziitwazo Alouette.

"Hii haipigi mluzi, inakohoa," sajini wake alimwambia siku ya kwanza, akimkabidhi spana. "Lakini ukiipenda, nayo itakupenda."

Aliipenda, polepole, kama watu wanavyopenda mbwa wa jirani. Na katika miaka hiyo akampenda pia Gráinne Geraghty, nesi mwenye kicheko kikubwa, wakaoana. Tatizo halikuwa Gráinne. Tatizo lilikuwa mama yake.

Dympna Geraghty alikuwa mjane, ana ng'ombe wake huko Cloonamarra, kuku wake, na ulimi ambao ungeweza kuranda mbao. Kila Jumapili baada ya misa alipika nyama ya kuoka na viazi vya aina mbili, akaketi kichwani mwa meza, kulia kwake kaka yake Malachy. Malachy alikuwa ameishi Uingereza nusu ya umri wake, jirani na kambi ya ndege za kivita, na hakukubali mtu yeyote asahau hilo.

"Kule kwa Waingereza," Malachy alianza, "jeti ikiruka, vikombe vinacheza kabatini."

"Na sisi je?" Dympna akamgeukia mkwewe, macho yakimeremeta. "Hebu tuambie, Colm mwanangu. Jeti za kivita tunazo ngapi?"

"Hatuna, mama. Tuna Pilatus, za kufundishia marubani. Ila hata roketi zinaweza kubeba."

"Zinaweza! Hata mimi naweza kubeba roketi, ni kutopewa tu. Zina pangaboi?"

"Lipo, mbele."

"Pangaboi, Malachy! Umesikia? Haya, nyingine."

"Kuna CASA, za doria ya baharini. Zinawasaka wanaovua samaki wetu kwa wizi."

"Polisi wa samaki. Nyingine."

"Cessna ndogo, za upelelezi wa karibu. Helikopta. Na ile ya kusafirisha mawaziri."

"Hiyo naijua! Hiyo nauli yake natoa mimi." Dympna akaweka uma chini ili acheke vizuri. "Hilo si jeshi la anga, mwanangu. Hiyo ni teksi yenye mabawa."

Meza nzima ikacheka, na Colm akacheka nao, maana viazi vilikuwa vitamu na mkwe hanuni mezani. Lakini ndani kwa ndani kitu kilimchoma. Wakirudi nyumbani alimwambia Gráinne, "Mama yako siku moja atanimaliza."

"Anakupenda wewe," Gráinne akasema. "Asiyempenda humwita bwana. Umewahi kumsikia akikuita bwana?"

Hakuwahi. Akaendesha gari.

Miaka ikaenda. Alouette nazo zikapumzishwa, zikaja helikopta kubwa za Kitaliano, zenye nafasi ya machela na watu wake. Moja ikawekwa kambini Athlone, katikati ya nchi, iwe inawafuata wagonjwa na majeruhi wa vijiji vya mbali ambako gari la hospitali huchelewa kwenye vichochoro nyuma ya matrekta. Colm, sasa naye sajini, alikuwa mmoja wa mafundi wake. Mafundi hawaruki nayo. Kazi yao ni kuikagua kabla haijapaa, kuisubiri, na kuikagua tena ikirudi.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano alikuwa ameshamaliza ukaguzi, anakunywa chai, simu ikalia. Kapteni Duignan, rubani wa zamu, akaipokea na kuanza kurudia maneno kwa sauti ili wenzake wasikie huku wakivaa.

"Mwanamke, umri sabini na kitu. Kaangushwa na ng'ombe mwenye ndama. Nyonga, labda na mbavu. Cloonamarra, shamba la Geraghty..."

Kikombe cha Colm kikatua mezani chenyewe.

"Unapajua, sajini?"

"Ni mama mkwe wangu."

Kapteni Duignan akamtazama. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Nafasi ya kukuchukua sina, Colm."

"Najua. Kuna waya za umeme upande wa mashariki wa nyumba. Tueni kwenye konde la nyuma, lililolala. Na kapteni, akikutukana, usimjibu. Anapenda kujibiwa."

Akafunga milango, akazunguka chombo mara moja zaidi, akainua mkono. Mapanga yakashika kasi, majani yakalala, na helikopta ikaondoka kuelekea magharibi.

Hapo ndipo Colm alipojua woga. Maishani mwake alikuwa ameshasindikiza helikopta nyingi angani, na kila mara moyo wake ulikuwa shwari. Leo kila nati aliyoikaza asubuhi ilirudi kumsalimia. Ile ya pili kulia, ulihakikisha? Nilihakikisha. Una hakika? Akampigia Gráinne wodini kwake, akamweleza yaliyompata mama yake. Kisha akaosha vikombe vyote vya chumba cha zamu. Alipomaliza, akaviosha tena.

Helikopta ilirudi baada ya chakula cha mchana, ikitokea hospitali ya Galway. Colm alikuwa amesimama nje kabla haijaonekana. Kapteni Duignan akashuka, akavua kofia.

"Yu hai, na yuko mikononi mwa madaktari. Nyonga imevunjika, mbavu mbili, na damu ilikuwa imeanza kuvuja ndani. Wamesema kwa barabara ingekuwa habari nyingine."

"Alisema lolote?"

"Alisema?" Kapteni, mtu wa maneno machache, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. "Kuna wakati alinyamaza? Tulimvisha vile vya masikioni vya kukinga kelele na kuongelea, basi akadhani ni redio yake mwenyewe. 'Wewe msichana ndiye dereva?' Nikasema ndiyo. 'Umeshapata leseni?' Nikasema ninayo. 'Na fundi wa kitu hiki nani?' Nikamwambia, Sajini Tansey."

Colm akafumba macho. "Akasemaje?"

"Alipiga ishara ya msalaba. Halafu akasema, 'Basi twende. Yule hata mlango wa banda la kuku hawezi kuuacha bila kuujaribu mara mbili.' Akamshika mhudumu mkono, akaanza rozari. Katikati ya rozari akaomba tupite juu ya nyumba ya kaka yake, tena chini chini."

"Mkapita?"

"Ilikuwa njiani," alisema Kapteni Duignan.

Colm akaenda nyuma ya banda la ndege, akalia. Akajifuta uso na kitambaa cha kazi, akarudi na mstari wa grisi kutoka shavuni mpaka sikioni, na hakuna aliyemwambia.

Colm na Gráinne walipoenda hospitali kumwona Dympna, alikuwa amelala kwenye mito mitatu kama malkia aliyepinduliwa. Malachy alikuwa kando ya kitanda, ana zabibu alizomletea mgonjwa, anazila.

"Pole, mama," Colm akasema.

"Pole mpe yule ng'ombe. Anauzwa."

"Kule kwa Waingereza," Malachy akadakia, "hospitali zao..."

"Malachy," Dympna akasema, "hizo jeti zako za kuchezesha vikombe. Zina kitanda?"

"Kitanda? Zina makombora!"

"Nimelala topeni na nyonga vipande viwili, nitafanya nini na kombora? Toka, ukanunue zabibu nyingine."

Malachy alipotoka, Gráinne naye akaenda kuongea na daktari. Dympna akashika mkono wa shati la mkwewe. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko Colm alivyovijua.

"Niliogopa, mwanangu. Nilikuwa naangalia mawingu nikajisemea, Dympna, ndio basi. Halafu nikasikia mlio."

"Ukajua ni sisi?"

"Nikajua ni trekta la Malachy. Nikasema, Mungu wangu, huyo ndiye anakuja kuniokoa, nimekwisha."

Walicheka, naye akaumia mbavu, akamtukana kwa kumchekesha.

Tangu hapo Cloonamarra haikuwa na amani. Kitu chochote kikilia angani, Dympna alisimama, hata katikati ya mahubiri, akatangaza ni ndege gani. Mara nyingi alikosea. Padre alishazoea, akawa anangoja tangazo limalizike. Kijana mmoja alipothubutu kusema dukani kwamba jeshi letu la anga ni mchezo wa watoto, alipewa somo lililodumu hadi maziwa yake yakapata joto.

Kiangazi kilichofuata, Baldonnel ilifungua milango kwa familia, na Dympna akaja na fimbo yake, koti la misa, na mkate wenye nyama kwa kikosi kizima. Alipita mstari wa ndege taratibu kama afisa anayekagua gwaride. Cessna akaihurumia: "Kadogo, lakini kana juhudi." Kwenye Pilatus alipandishwa ngazi akachungulia chumba cha rubani, akataka kujua mwanafunzi akitapika anatapikia wapi. Kwenye ile ya mawaziri alikaa kitini, akakiri kwamba ni kizuri, akasema sasa ameshafaidi nauli yake. Helikopta aliigusa tu ubavuni kwa kiganja, akapita.

Walipofika kwenye CASA, mvua ikamwagika, ile ya kwetu isiyobisha hodi. Watu wote wakakimbilia chini ya bawa: watoto, mafundi, Kapteni Duignan na mumewe, na kanali mmoja aliyelowa mabega. Dympna akafungua kikapu chake.

"Sogea, baba," akamwambia kanali. "Unaziba mkate."

Kanali akasogea. Colm akamimina chai kutoka chupani, vikombe vikapita mkono kwa mkono, na mvua ikapiga bawa juu ya vichwa vyao kama watu wanaopiga makofi. Malachy alitoa mkono nje, akaurudisha umelowa.

"Kule kwa Waingereza..." akaanza.

"Kula," wakamwambia wote.