Nusu Sekunde ya Verlene

Verlene Hostetter hakuwa mtu wa kukaa. Hata kanisani alisimama nyuma karibu na mlango, akiegemea mara mguu huu, mara ule, na mchungaji alishazoea. Ndiyo maana watu wa Harlan Grove, Indiana, walicheka alipopewa kazi ya kupima muda kwenye uwanja wa mbio za magari. Walicheka bure. Kila Jumapili ya kiangazi, kwa miaka kumi na tisa, magari yalitoka moja moja kuwania nafasi za mbele za kuanzia mashindano, na kitu pekee kilichotulia katika mwili wa mwanamke yule kilikuwa kidole gumba cha mkono wa kulia, kile cha kubonyeza saa.

Isipokuwa siku moja, Juni ya mwaka sitini na moja. Mpimaji mwenzake alikuwa amelazwa kwa kidole tumbo, kwa hiyo saa ilikuwa moja tu, ya Verlene. Aliyekuwa akizunguka ni mdogo wake, Delmar. Gari lilipotoka kona ya mwisho mkia ukaserereka kuelekea ukutani, naye Verlene, kwa hofu, akafumba mikono yote miwili. Alipoifumbua, saa ilikuwa imesimama: sekunde kumi na saba nukta nane. Gari halikuwa limefika hata mstarini.

Uwanja ule ni nusu maili. Anayeuzunguka kwa sekunde kumi na nane kamili amekwenda maili mia kwa saa, na hakuna aliyewahi. Msoma matokeo alichungulia saa na kutangaza kabla Verlene hajapata pumzi. Watu wakaruka ukuta, wakambeba Delmar mabegani. Verlene alijiambia atasema kesho. Kesho gazeti likawa limeshatoka, na jina la Delmar limeshaandikwa kwa rangi nyeupe juu ya lango. Hesabu yake mwenyewe ilimwambia mzunguko ule ulikuwa kama kumi na nane nukta tatu. Aliimeza nusu sekunde ile, nayo haikumtulia tumboni miaka saba.

Pengine angekufa nayo, kama si Dewey Kinnaman. Kijana huyu wa miaka ishirini na minne alikuwa fundi wa matrekta, mcheshi, tena na kichwa kigumu kama nyundo. Aliapa kuivunja rekodi ya Delmar, na kiangazi kile alikuwa ameshaugonga ukuta mara mbili. Mara ya pili alivunjika kifundo cha mkono. Mkewe alikataa kuja uwanjani tena. Verlene hakulala vizuri kuanzia Mei. Alifua nguo safi. Aliosha madirisha ambayo mvua ilikuwa imeyaosha jana yake.

Jumapili hiyo ya Agosti, Dewey alizunguka kwa kumi na saba nukta tisa. Saa zote mbili, yake na ya mwenzake, zilikubaliana. Uwanja mzima uliguna kwa masikitiko, kwa kuwa amekosa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ni Verlene tu, kwenye kibanda cha wapima muda, aliyejua kwamba huyu ndiye mtu wa kwanza kufikisha maili mia pale. Dewey hakupoteza muda, alirudi mwisho wa foleni kutumia nafasi yake ya pili. Alikuwa akiwaambia watu kwamba safari hii kona ya tatu ataipita bila kuachia kanyagio la mafuta hata kidogo.

Mbele yake kulikuwa na magari sita. Verlene akamwachia mwenzake kibanda, akashuka ngazi mbili mbili hadi nyuma ya jukwaa, kwenye meza ambapo Delmar huuza mikate ya nyama ya nguruwe ya kukaanga. Alimwambia yote, bila kupamba, huku akikunjakunja ncha ya aproni ya mdogo wake. Delmar alizima jiko.

"Dada, mimi nilikuwa ndani ya lile gari," alisema. "Mkia ulipoteleza niliachia mafuta. Nilirudi nikijua watanicheka."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nilidhani umenipa muda ule makusudi. Ningesema, ungefukuzwa wewe."

Verlene alitaka kumpiga kofi na kumkumbatia, na hakukuwa na nafasi ya lolote kati ya hayo. Walikimbia. Lori la kusukuma magari ili yawake lilikuwa limeshagusa mgongo wa gari la Dewey. Verlene akaenda kusimama mbele ya pua yake, mikono kiunoni, akakataa kuondoka hadi Orville Pruett, mwenye uwanja, alipofika akihema. Hapo akaungama mbele ya wote. Dewey alimsikiliza, kofia ngumu ikiwa kichwani.

"Kwa hiyo nimeshaivunja."

"Umeshaivunja, mwanangu. Kumi na saba nukta tisa."

"Kwa kidole hichohicho, mama?" Dewey alicheka bila furaha. "Nitaaminije? Ondoka nipite."

Delmar akainama hadi usoni pa kijana.

"Achana na saa. Kona ya tatu, uliachia mafuta?"

"Kidogo sana."

"Mimi niliachia yote. Hakuna mtu aliyewahi kupita pale kama ulivyopita leo, mimi nikiwemo. Nenda kamwambie mkeo."

Dewey akafungua mkanda wa kofia, akaivua.

Watu walianza kumzunguka kijana. Orville hakwenda nao. Alikuwa akimtazama Verlene, na miaka kumi na tisa ya matokeo ilikuwa ikipita usoni pake.

"Ni mangapi mengine, Verlene?"

"Hilo tu, Orville. Naapa."

Orville aliangalia chini, akakanyagakanyaga lami, kisha akanyoosha mkono, kiganja juu. Verlene alikuwa ameshaivua saa shingoni.